Tukifungiwa tena, kifungwe kipi: duka la mtaani au supamaketi?

Mwanzisha mjadala (Maweni, Malindi):

Assalaam aleikum, wenyeji na majirani. Jana barazani tulibishana mpaka kahawa ikapoa, nikaona ubishi wenyewe niulete huku. Likija gonjwa jingine tukafungiwa kama wakati wa korona mwaka 2020, nani aachwe wazi kwanza: supamaketi za mjini, au duka la mtaani na kibanda cha mboga? Mimi nasema duka na kibanda. Supamaketi zikifungwa wiki mbili, mtaa wetu utanung'unika tu. Duka likifungwa siku tatu, tutaanza kuombana chumvi na wa kutoa hatakuwepo.

Kwa waliokuwa wadogo, au walioshaanza kusahau: kafyu iliingia 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili kaunti yetu ya Kilifi ikafungwa pamoja na Mombasa na Kwale, hutoki huingii, isipokuwa malori ya chakula na mizigo. Sisi na Kwale tukafunguliwa mwanzoni mwa Juni. Lakini Malindi ilikuwa imeumia kabla ya hapo. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa 25 Machi, Waitaliano wakaondoka, mahoteli yakafunga. Mimi nilikuwa mpishi. Tuliambiwa twende nyumbani, tutaitwa.

Sasa mtu aliyeambiwa "utaitwa" ananunuaje chakula? Siku moja ya Aprili nilikwenda supamaketi na shilingi mia tatu mfukoni. Mlangoni kuna pipa la maji na sabuni, askari ananilenga kwenye paji la uso na kile kipimajoto chao kama bastola, chini wamepiga alama za rangi za kusimamia. Foleni imefika barabarani, jua la saa sita. Mbele yangu bwana na mkewe, kila mmoja na troli yake. Zamu yangu kufika, sukari iliyobaki ni ya kilo mbili, mafuta yaliyobaki ni ya lita tatu. Nikatoka na pakiti moja ya unga na kipande cha sabuni. Sima ninayo, cha kulia sina.

Jioni nikaenda kwa jirani mwenye duka: sukari robo, mafuta ya ishirini, majani ya chai ya kumi, kiberiti. Pesa ilipopelea akaiandika kwenye daftari. Nionyesheni keshia mmoja Malindi hii mwenye daftari.

Na msiniletee ile hoja ya kushushwa kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kutoka asilimia 16 hadi 14. Ilishuka, sawa. Lakini unga wa mahindi haukuwa ukitozwa VAT tangu hapo, wala mchicha na nyanya za kibandani. Aliyeifaidi ni mwenye troli. Kilichotufaa sisi ni kutumiana pesa kwa M-Pesa bila makato hadi shilingi 1,000. Nimewahi kulipia mchicha wa ishirini kwa simu, jambo ambalo mwaka mmoja nyuma ungechekwa soko zima.

Haya, leteni.

Niliyekuwa keshia (Kisumu Ndogo):

Kaka yangu, wewe ulisimama juani kwa saa moja ukenda zako. Mimi nilikaa pale siku nzima napokea noti zilizolainika kwa jasho la watu, na wiki za mwanzo barakoa hatukuwa nazo. Mteja akikohoa nazuia pumzi mpaka alipe. Usituhesabu upande wa wenye troli.

Nikujibu hoja yako. Supamaketi bei imebandikwa kwenye rafu, na ukidhulumiwa una risiti ya kushika. Machi ile ile Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamuru supamaketi za Cleanshelf ziwarudishie wateja pesa walizolipishwa zaidi kwa sanitaiza. Je, malimau na tangawizi? Watu walipoanza kuambizana kwamba vinafukuza korona, bei kibandani ilikuwa ya asubuhi na ya jioni. Ulimshitaki nani? Ungeonyesha nini?

Kuhusu hao wa troli, tuliweka kikomo, unga pakiti mbili kwa mtu. Wakaja na watoto, wakaja na yaya, kila mmoja na pakiti zake mbili, na nje gari moja linawasubiri wote. Meneja anatuambia mteja ni mfalme. Nikajiuliza, na yule bibi aliyekuja kwa miguu tangu alfajiri akakuta rafu tupu ni nani?

Tulikuwa tukifunga saa kumi ili tuwahi kafyu. Matatu ya watu kumi na wanne inabeba wanane, nauli imepanda, mshahara umekatwa. Nilitembea. Kwa hiyo mkisema duka liachwe wazi, sikatai. Lakini msiseme supamaketi ifungwe kama kwamba ndani yake hakuna watu wa mtaa.

Mwenye duka (Muyeye):

Msinisifu sana. Sifa hizo zilinifilisi.

Daftari mnalolisifu lina pande mbili. Upande mmoja nyinyi, upande wa pili muuzaji wa jumla, na yeye haandiki. Anataka pesa taslimu, na mwezi ule mzigo wa kwanza aliwapa walionunua mwingi. Mimi niko katikati. Kuna mama mmoja, mume wake alikuwa mhudumu wa hoteli, alichukua mchele na maharage kwangu tangu Aprili mpaka shule zilipofunguliwa. Nilimnyima mara moja. Usiku sikulala, asubuhi nikamtuma mwanangu ampelekee. Mwambieni keshia hesabu hiyo aifanye kwa mashine.

Na bei, dada yangu keshia, ni kweli ilipanda. Mimi mwenyewe niliongeza shilingi tano kwenye sukari. Nilikuwa naileta kwa bodaboda aliyeruhusiwa abiria mmoja tu, na magunia mawili akiyafunga anasimamishwa njiani. Kila akisimamishwa kuna kitu kinatoka. Kitu hicho utakiongeza wapi kama si kwenye bei?

Halafu Ramadhani. Iliingia mwishoni mwa Aprili. Mwajua Magharibi ya kwetu, saa kumi na mbili na robo hivi. Mtu anafungulia tende, anaswali, ndipo akumbuke hana maziwa ya uji, na saa moja mlango wowote ukiwa wazi ni kosa. Tuliuza kwa dirisha la uani. Taa nimezima, mteja anagonga kwa ukucha, namjua kwa kikohozi. Wauza kaimati na viazi karai waliokuwa wakiuza mpaka baada ya tarawehe wakawa wanakunja meza kabla mafuta hayajapoa.

Kwa hiyo rai yangu si supamaketi ifungwe. Ni duka la mtaa lipewe saa mbili zaidi ya kafyu. Watu wa mtaa wetu wananunua usiku kwa sababu pesa wanaipata jioni. Aliyeweka saa ile ana friji.

Mvuvi (Mambrui):

Nyote mnajadili milango. Sisi wavuvi wa usiku kafyu ilitugeuza wavuvi wa mchana, na samaki hawakuarifiwa. Ila nataka kusema jambo moja: kamba na kaa ambao siku zote walikwenda hotelini, miezi ile waliliwa na watoto wetu, kwa bei ambayo sikuwahi kuiona nikiwa na akili zangu. Mimi nilipata hasara, na watoto walinenepa. Mjadala wenu hilo mnaliweka wapi sijui.

Mhudumu wa afya ya jamii (Barani):

Naheshimu njaa ya kila mtu, lakini hapa hakuna aliyetaja ugonjwa, kama kwamba tulifungiwa kwa mchezo. Soko letu mnalijua. Vibanda vimebanana, mama anainamia fungu la nyanya na watu watano wanamwinamia yeye. Nilipita kuhimiza watu waachane mita moja na nusu. Waliachana nilipokuwa natazama. Supamaketi angalau ina mlango mmoja, unahesabu wanaoingia, na asiyenawa hapiti. Ndiyo maana amri ziliegemea huko.

Mwanzisha mjadala:

Dada wa Barani, hapo ndipo nilipokusudia tufike. Mlango mmoja, ndiyo, na ndani madirisha hayafunguki, hewa ni ya kiyoyozi inayozunguka humo humo. Miezi ya mwanzo sote tulidhani adui yuko mikononi, tukanawa mpaka ngozi ikachubuka. Baadaye wataalamu wakasema wazi kwamba hewa iliyofungiwa ndiyo hatari kubwa. Soko lina upepo wa bahari. Kasoro yake ni msongamano, na msongamano dawa yake ni nafasi. Malindi tuna viwanja vya mpira vilivyokaa tupu miezi yote ile, kwa kuwa shule zilifungwa tangu katikati ya Machi. Upande wetu wenye vibanda waliambiwa tu waondoke barabarani, hawakuonyeshwa pa kwenda. Wakahamia vichochoroni, penye nafasi finyu zaidi. Huko ndiko watu walikopumuliana.

Kwa keshia, nimekubali. Nililisema neno "kufungwa" kirahisi. Nalibadilisha: supamaketi ibaki, ila saa mbili za asubuhi ziwe za wazee na wanaokuja kwa miguu, na kikomo cha pakiti kihesabiwe kwa nyumba. Mtasema nyumba haijulikani. Sisi wa Malindi tunajuana mpaka paka wa nani.

Kwa mwenye duka, umenifundisha kitu ambacho sikuwa nacho jana barazani. Nilidhani daftari ni la duka, kumbe duka lenyewe linahitaji daftari juu yake. Ikiwa kaunti itakuwa na pesa za msaada, badala ya kuja na lori la unga na wapiga picha, imdhamini mwenye duka kwa muuzaji wa jumla. Mzigo utafika kwa aliye na haja, kwa kipimo anachokiweza, bila foleni.

Niliyekuwa keshia:

Kaunti idhamini daftari la Muyeye? Itataka majina ya wadeni. Nani atakubali jina lake lisomwe ofisini kwamba alikopa robo ya sukari?

Mwenye duka:

Hapo amesema kweli. Mimi daftari langu hata mume wangu halisomi. Kuna watu wakubwa mle ndani, wanapita kwa magari na hawanitazami.

Lakini wewe mpishi uliyeanzisha haya. Huyo jirani yako wa Maweni umeshamlipa?

Mwanzisha mjadala:

Nilimlipa, alhamdulillahi, hoteli ilipotuita. Kilichobaki ni mkaa wa Mei, na huo tumekubaliana nimpikie biriani siku ya harusi ya bintiye.