Nimegundulika kuwa na MS: nitajuaje lipi ni shambulio jipya na lipi litapita?

Mwalimu wa Zamu

Habari zenu wapendwa. Naandika nikiwa bado sijazoea kulitaja jina la ugonjwa wenyewe, maltipo sklerosisi. Majibu nimepewa miezi michache iliyopita, baada ya MRI ya kichwa na mgongo na kipimo cha maji ya uti wa mgongo. Daktari wa neva alinieleza vizuri kwamba kinga yangu ya mwili inashambulia mayelini, ule utando unaozifunika neva za ubongo na uti wa mgongo, kwa hiyo taarifa za mwilini zinachelewa njiani au hazifiki. Hapo nilimwelewa. Kinachonishinda ni kuishi nao kuanzia asubuhi hadi jioni.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ulianza na jicho la kulia: likawa linauma nikilizungusha, halafu ukungu ukatanda. Nikawekewa dripu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, siku kadhaa. Sasa naona, ila rangi nyekundu haijarudi sawasawa. Nikifumba jicho la kushoto, alama nilizoweka kwa kalamu nyekundu zinaonekana zimepauka, zinakaribia kahawia. Hilo nimelizoea.

Nisilolizoea ni haya. Nikiinamisha shingo kusahihisha madaftari, shoti inashuka kutoka shingoni, inapita mgongoni, inafika hadi nyayoni. Ni mara moja tu, kisha kimya. Nikiinua kichwa na kuinama tena, inapiga tena. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vina ganzi, chaki inaniponyoka bila mimi kujua. Nikioga maji ya moto, ukungu wa jicho unarudi. Nakaa kitandani na taulo nikisubiri, na baada ya muda unaondoka. Baadhi ya jioni kifua kinanibana kuzunguka mwili mzima, chini ya matiti hadi mgongoni. Pumzi naipata, lakini nahisi nimefungwa.

Halafu uchovu. Kufikia vipindi vya mchana nasimama mbele ya darasa natafuta neno "kipeo" na silipati, neno ninalolitumia kila siku ya kazi. Mwenzangu wa ofisini ananishauri nilale mapema. Nalala mapema, naamka nimechoka.

Swali langu ni hili. Kila jambo jipya likitokea mwilini nadhani ni shambulio, kwamba kovu jingine, yaani sehemu nyingine iliyopoteza mayelini, limechimbika kichwani wakati huo huo. Ninyi mnajuaje lipi ni la kukimbilia hospitali na lipi ni la kusubiri? Na kazi mnaifanyaje na uchovu wa namna hii? Dawa ya kuzuia mashambulio naianza karibuni na daktari amenieleza ya kutosha, hiyo haina tatizo. Naomba wenye uzoefu wa siku hadi siku.

---

Dada Mkubwa

Mdogo wangu mwalimu, pole sana. Ninaishi na MS tangu enzi zile dawa zote za kuzuia mashambulio zilipokuwa za sindano au dripu. Kidonge cha kwanza kiliidhinishwa Marekani mwaka 2010, na mimi nilikuwa nimeshachomwa sindano za kutosha. Hofu unayoieleza naijua. Kwangu ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko ganzi yenyewe.

Nianze na shoti. Inafahamika tangu zamani, inaitwa ishara ya Lhermitte, kwa jina la daktari Mfaransa Jean Lhermitte aliyeieleza mwaka 1924. Una kovu sehemu ya shingo kwenye uti wa mgongo, na ukiinama uti unavutika, neva iliyopoteza utando inafyatuka. Haina maana kwamba kila inapopiga kuna kitu kinaharibika upya. Kovu ni lile lile, wewe umelivuta tu. Kwa hiyo usiinamie madaftari, yainue yakufuate. Weka ubao ulioinama juu ya meza au rundo la vitabu, daftari likae karibu na usawa wa macho, na shoti zitapungua siku hiyo hiyo. Kwangu ziliisha zenyewe baada ya miezi, zikawa zinarudi nikichoka sana. Mweleze daktari wako hata hivyo, aandike kwenye faili.

Maji ya moto nayo yana historia. Mwaka 1890 daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuhusu wagonjwa ambao macho yao yalififia wakijishughulisha, kisha yakarudi wakipumzika. Baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni joto. Neva iliyovuliwa utando wake inapitisha taarifa kwa shida, na joto la mwili likipanda hata nusu digrii inaweza kushindwa kabisa. Mwili ukipoa, inapitisha tena. Ukungu wako wa bafuni ni huo. Unatisha, lakini hauachi kovu. Mimi naoga maji ya uvuguvugu, nikitoka naweka kitambaa chenye maji baridi shingoni na kwenye viganja, na nakunywa maji baridi kabla ya shughuli yoyote ya kunitoa jasho, si baada yake. Mazoezi usiyaache kwa sababu ya joto. Yafanye mahali penye hewa, kidogo kidogo.

Kubanwa kifua wenyewe tunaita kumbatio la MS. Mara nyingine ni misuli ya katikati ya mbavu imekakamaa, mara nyingine ni neva inatoa taarifa isiyo ya kweli. Hapa naomba unisikie vizuri: kifua kikikubana kwa namna ambayo hujawahi kuiona, nenda upimwe moyo kwanza. Kuwa na MS hakumzuii mtu kupata maradhi mengine, na nimeona wenzetu wakisukumia kila kitu kwenye MS mpaka jambo lingine likakomaa. Ukishapimwa na kuambiwa moyo ni mzima, ndipo ulegeze nguo, ubadilishe mkao, wengine hujifunga kitambaa kwa nguvu kiasi na kinawasaidia.

Sasa kipimo ninachokitumia mimi, ndicho madaktari wa neva wanachokitumia pia. Shambulio ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi waziwazi, inayodumu saa 24 au zaidi, bila homa wala maambukizi. Dalili inayokuja dakika chache na kuondoka siihesabu. Naiandika kwenye daftari: saa, nilikuwa nafanya nini, iliondoka lini. Wewe ni mtu wa hesabu, daftari hilo litakufaa. Baada ya muda utaona mpangilio, na utakachoweza kukitabiri kitakutisha kidogo tu.

---

Nesi wa Wodi

Mwalimu, pole na majukumu. Dada hapo juu amesema "bila maambukizi" kwa kupita, mimi nataka nikae hapo hapo.

Mgonjwa wa MS akija anasema miguu imekuwa mizito tangu jana, kitu cha kwanza tunachokiomba ni mkojo. UTI ndogo isiyouma hata kidogo inatosha kuamsha dalili zote za zamani, jicho, ganzi, miguu, zikaonekana kama shambulio jipya. Mafua au homa yoyote hufanya hivyo pia. Ukitibu maambukizi, dalili zinarudi nyuma. Ukikimbilia steroidi huku UTI imejificha, umeipa nguvu UTI, kwa sababu steroidi zinashusha kinga. Kwa hiyo uwe na kipimajoto nyumbani, na dalili zikizidi jipime kwanza.

Na kuhusu steroidi zenyewe, wengi hawaambiwi: zinaharakisha kupona kwa shambulio, lakini hazibadilishi sana pale utakapofikia mwishoni. Ndiyo maana daktari anaweza kukuangalia vidole vyenye ganzi akasema tusubiri. Hajakupuuza. Kazi ya kuzuia makovu mapya ni ya ile dawa unayokwenda kuianza, na hiyo usiiache kimyakimya hata ukijisikia mzima. Baadhi yake, kama fingolimodi na natalizumabu, zikikatwa ghafla ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Ukitaka kuacha, au ukitaka kubeba mimba, sema mapema ili mpangiwe.

Usisubiri kabisa haya: miguu kuisha nguvu kwa haraka, jicho kuzimika, mkojo kugoma kutoka, kupaliwa kila unapomeza, pumzi kuwa fupi. Hayo ni ya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

---

Mume wa Fundi Cherehani

Dada, mimi sina MS, mke wangu ndiye anayo. Nitajibu la uchovu tu, maana ndilo lililotutesa nyumbani.

Mwanzoni nilikuwa namuuliza "umeamkaje?" na ananijibu "vizuri", kwa adabu, kisha saa nne namkuta amelaza kichwa kwenye meza ya cherehani. Siku hizi namuuliza ana nguvu ngapi kati ya kumi. Akisema nne, najua mimi ndiye wa kuchota maji na kuwaogesha watoto, na hakuna haja ya maelezo. Watu wa nje wanamwona mzima. Uchovu huu hauonekani, na hiyo inauma kuliko wanavyofikiri.

Kazi yake aliipanga upya. Kukata kitambaa kunataka akili, kosa moja na nguo ya mteja imeharibika, basi anakata asubuhi tu. Kupinda na kushona vifungo ni mchana, ameketi. Na anapumzika kabla hajachoka. Hilo ndilo lilikuwa gumu kwake, kulala chini nusu saa wakati bado anajiona anaweza. Akisubiri mpaka aanguke, siku imekwisha, na kesho yake pia.

Lakini kabla ya kuubebesha MS uchovu wote, muombe daktari apime wingi wa damu, tezi ya thairoidi na vitamini B12. Mke wangu damu ilikuwa chini, ilipopanda uchovu haukuisha ila ulipungua. Umweleze pia kama una huzuni isiyoondoka, maana sonona ni ya kawaida kwenye MS, inatibika, na inaongeza uchovu. Vidonge vya uchovu viliwahi kutajwa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha amantadini, modafinili na methilfenideti na vidonge visivyo na dawa ndani yake, na hakuna iliyovishinda. Wapo wanaosema vimewasaidia, sibishani nao. Kwake kilichosaidia ni mazoezi aliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, mepesi, ya mara kwa mara. Nilidhani mazoezi yatammaliza. Yamemwongezea nguvu.

---

Mwalimu wa Zamu

Asanteni sana. Nimesoma jibu la saa 24 mara nyingi jana usiku na kwa mara ya kwanza nililala bila kujikagua vidole. Madaftari nimeyapandisha juu ya kamusi mbili, na kweli shoti imepungua. Nitamwomba mwalimu mkuu anipe vipindi vya asubuhi, na ubao niandike nikiwa nimeketi pale inapowezekana. Bado sijaamua nimwambie ugonjwa wenyewe au niseme tu ni maelekezo ya daktari.

Nesi, umenigusa kwenye mkojo. Sikuandika mwanzoni kwa kuona aibu. Usiku naamka mara kwa mara kwenda chooni, na shuleni nikihisi haja inanibidi nikimbie. Nimepunguza maji, siku za kazi nakunywa kidogo sana hadi nirudi nyumbani. Je, na hili ni MS?

---

Kaka wa Jirani

Dada mwalimu, huenda ndiyo, na wala usione aibu. Wengi wetu tunalo, wanaume kwa wanawake, na mimi lilinitoa kwenye mikutano kwa muda mrefu kabla sijalisema kwa daktari.

Maji usiyapunguze. Mkojo mzito unakichokoza kibofu, haja inazidi kuja kwa ghafla, na UTI inapata nafasi. Choo kikubwa nacho kinakuwa kigumu, kikiganda tumboni kinabana kibofu. Kunywa kama kawaida mchana, kisha acha kunywa saa mbili hivi kabla ya kulala. Kahawa na chai kali zipunguze uone tofauti. Shuleni usisubiri haja ikuite, nenda kila kipindi kinapoisha hata kama huhisi kitu.

Jambo kubwa ni moja. MS inaweza kukifanya kibofu kikimbie, yaani kikuite chooni kwa ghafla, na inaweza kukifanya kisitoe mkojo wote, na dalili zikafanana: unakwenda mara nyingi. Mimi nilikuwa na yote mawili. Tiba zake zinapingana, dawa ya kutuliza kibofu kinachokimbia inaweza kumziba kabisa yule ambaye mkojo wake hautoki wote. Kwa hiyo kabla ya kumeza kidonge chochote, omba upimwe kwa ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa, waone kiasi kilichobaki ndani. Hakiumi na kinachukua dakika chache. Nenda na lile daftari la saa ulilopendekezewa, uwe umeandika na safari za usiku.

Kuhusu mwalimu mkuu, mimi nilianza kwa kusema ninachohitaji, siti karibu na mlango na ruhusa ya kutoka bila kuomba. Jina la ugonjwa nililisema baadaye, nilipokuwa tayari.