Naomba ushauri: nampiga mke wangu nikiwa usingizini

Wakuu, naombeni msaada, na tafadhali msicheke. Kwa miezi kadhaa sasa nikilala naota nimevamiwa, napigana kufa na kupona, kumbe ngumi zinamshukia mke wangu. Juzi nimempasua mdomo. Kilio chake ndicho kilichoniamsha, na ndoto yote naikumbuka.

Nimesoma kuwa mtu akiota, kwa kawaida misuli hulegea asiweze kutenda anayoyaota. Kwa wengine breki hiyo hushindwa, na wakati mwingine huwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson (ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili). Hilo linanitisha, ila la sheria linanitisha zaidi. Kule Kanada, mwaka 1987, Kenneth Parks aliendesha gari kama kilomita 23 akamuua mama mkwe wake, na mahakama ikamwachia huru kwa kuwa alikuwa usingizini. Lakini mimi hali yangu tayari naijua! Nikimuumiza tena, si hakimu ataniuliza kwa nini niliendelea kulala naye?

Wanasheria na madaktari mliomo humu: nianzie kwa daktari gani, na vipimo vyake vitafaa kama ushahidi? Vitanda tumeshatenganisha. Mke wangu hajalalamika, ila shemeji zangu wameanza kuulizia kile kidonda.