Thuringia 2024: chama kilichoongoza kura kimebaki nje ya serikali, imekuwaje?

Kijana_Dom:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nipo chuo hapa Dodoma. Tumepewa mdahalo darasani kuhusu chaguzi za majimbo Ujerumani na kundi letu limeangukiwa na Thuringia, uchaguzi wa tarehe 1 Septemba 2024. Matokeo ninayo: AfD (mrengo mkali wa kulia) 32.8%, CDU (wahafidhina) 23.6%, BSW (chama kipya) 15.8%, Die Linke (mrengo wa kushoto) 13.1%, SPD (wasoshalisti wa kidemokrasia) 6.1%. Halafu waziri mkuu wa jimbo akawa Mario Voigt wa CDU. Yaani aliyeachwa kwa zaidi ya pointi 9 ndiye kashika usukani! Wapinzani wetu watasimama waseme ushindi umeporwa mchana kweupe, nami sina jibu lililonyooka. Kuna anayeishi huko anieleze taratibu?

Mtu_wa_Umoja:

Kijana, wapinzani wako wana hoja. Huku Kenya rais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Akikosa, watu wanarudi kwenye debe. Sasa hao Wajerumani mtu wa 23.6% anapewa serikali na hakuna duru ya pili? Hiyo ni hendisheki ya wakubwa, mwananchi hakuulizwa.

Bi_Zuhura_Erfurt:

Marahaba mwanangu. Mimi naishi Erfurt, ndiyo makao makuu ya jimbo lenyewe, nahudumia wazee katika nyumba yao moja hapa mjini. Kura sipigi. Paspoti yangu ni ya Tanzania na uraia pacha kwetu hakuna. Lakini wazee ninaowahudumia wanapiga, wengi wao kwa posta, na siasa ndiyo inayonywewa pamoja na kahawa ya saa tisa. Mengi nimeyasikia humo, mengine nimeyafuatilia mwenyewe maana yalinikaa kichwani.

Kwanza huyo aliyeshika usukani. Tarehe 1 Septemba hakuna mtu hata mmoja Thuringia aliyempigia kura waziri mkuu. Karatasi ina kura mbili: moja ya mgombea wa wilaya yako ya uchaguzi, moja ya orodha ya chama. Zote zinajaza bunge la jimbo, viti 88. (Jimbo huku lina serikali yake, polisi wake na shule zake, usilichanganye na jimbo la mbunge wa kwetu.) Viti 44 ni vya wilaya, vilivyobaki vinatoka kwenye orodha ili jumla ya kila chama iendane na kura zake. Bunge likishakaa ndipo wabunge wenyewe wanamchagua waziri mkuu, kwa kura ya siri, na katika duru mbili za kwanza anatakiwa apate zaidi ya nusu ya wabunge wote. Nusu ya 88 ni 44, kwa hiyo 45.

AfD ilipata viti 32. CDU 23, BSW 15, Linke 12, SPD 6. Kijani (chama cha mazingira) walipata 3.2% na FDP (waliberali) 1.1%, wote chini ya kizingiti cha asilimia 5, wakatoka mikono mitupu. Sasa tafuta nani angeipa AfD wabunge 13 wa kuongezea. Hayupo. Chama hicho hapa Thuringia kinaongozwa na Björn Höcke, na idara ya jimbo ya kulinda katiba ilikitangaza tangu Machi 2021 kuwa ni cha siasa kali za kulia, bila shaka yoyote. Höcke mwenyewe, miezi minne kabla ya uchaguzi, mahakama ya Halle ilimtoza faini kwa kutamka kaulimbiu ya SA, wale askari wa chama cha Hitler. Vyama vingine vyote viliwaambia wapiga kura mapema, kabla ya debe, kwamba havitaunda serikali naye. Kwa hiyo Mtu_wa_Umoja, aliyechagua CDU au SPD alijua anachokichagua. Watu wawili kati ya watatu hawakuipa AfD kura.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi. Darasani wengi wataishia hapo, wewe usiishie, maana utamu uko kwenye hesabu ya upande wa pili.

CDU nayo ilikuwa imejifunga kamba mbili. Mkutano mkuu wao wa Desemba 2018 kule Hamburg uliamua: hakuna ushirikiano na AfD, na hakuna ushirikiano na Linke. Sasa jumlisha. CDU, BSW na SPD ni 44. AfD na Linke ni 44. Sare! Mzee mmoja tuliye naye, zamani mfanyakazi wa reli, alizijumlisha pembeni mwa gazeti mara mbili tatu akidhani ameruka kiti. Hajaruka.

Na hao BSW nao ni kisa chao. Chama kimeanzishwa Januari 2024, Septemba kina 15.8%. Mwanzilishi wake Sahra Wagenknecht alizaliwa hapa hapa Jena, alikuwa Linke, akajitoa na watu wake. Kiongozi wao wa Thuringia, Katja Wolf, naye alikuwa Linke, meya wa Eisenach kwa miaka mingi. Basi CDU, chama cha makansela wa zamani Adenauer na Kohl, kimekatazwa kukaa na Linke, lakini kimekaa na waliokuwa Linke mwaka uliotangulia, na katazo halijavunjwa. Mimi nililicheka sana hilo, wazee wengine hawakulicheka hata kidogo. Wagenknecht akiwa Berlin alitaka mkataba wa mseto utamke msimamo kuhusu vita vya Ukraine na makombora ya Marekani, vitu ambavyo serikali ya jimbo haina mamlaka navyo. Wolf akawa anavutwa huku na huku: mkubwa wake anabana, na Voigt anataka waanze kazi. Mwisho wakaandika maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyasoma kwa sauti yake. Mseto wao magazeti yaliupa jina la tunda la Brombeere, kwa sababu ya rangi za vyama: nyeusi, zambarau na nyekundu.

Sasa una 44 na unahitaji 45. Kwa nini watu hapa walikuwa na hofu kiasi kile? Kwa sababu ya tarehe 5 Februari 2020.

Bunge la wakati ule lilikuwa na watu 90. Bodo Ramelow wa Linke, waziri mkuu tangu 2014, alikuwa na SPD na Kijani, jumla 42, pungufu ya 46. Duru ya kwanza hakupata, ya pili hakupata. Katiba ya jimbo inasema duru ya tatu anashinda mwenye kura nyingi zaidi, basi. AfD ilikuwa na mgombea wake. Duru ya tatu akajitokeza na Thomas Kemmerich wa FDP, chama kilichoponea chupuchupu asilimia 5. Kura zikahesabiwa: Kemmerich 45, Ramelow 44, mmoja hakuchagua mtu, na mgombea wa AfD sifuri. Yaani AfD walimtelekeza mtu wao kimyakimya wakampa Kemmerich kura zao, pamoja na CDU. Mwenyekiti wa Linke wa jimbo, Susanne Hennig-Wellsow, alikwenda mbele na shada la maua la pongezi, akaliachia likaanguka miguuni pa Kemmerich, akaondoka. Hiyo video itafute, inasema mengi.

Angela Merkel wa CDU, kansela wa wakati ule, alikuwa ziarani Afrika Kusini. Kesho yake, akiwa Pretoria, alisema jambo lile halisameheki na lazima litenguliwe. Kemmerich akatangaza kujiuzulu, mwenyekiti wa CDU wa taifa naye akatangaza kuachia ngazi ndani ya wiki, na Machi 4 Ramelow akarudi kitini na serikali isiyo na wingi. Na utie hii kwenye mdahalo wako: Juni 2022 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba Merkel, kwa kusema vile akiwa kansela ziarani, alivunja haki ya AfD ya kutendewa sawa na vyama vingine. Kesi AfD ilishinda. Anayesema AfD hukandamizwa na hakuna wa kuisikiliza, mkumbushe.

Rudi 2024. Ukiwa na 44 tu, ukafika duru ya tatu, mambo mawili yanaweza kukukuta. AfD waweza kumpigia Voigt makusudi, kura ni ya siri, halafu watembee mitaani wakisema sisi ndio tuliomweka. Au mwingine ajitokeze dakika ya mwisho kama 2020. Na wanasheria walikuwa wanagombana: mgombea akiwa peke yake duru ya tatu, kura za hapana zikizidi za ndiyo, bado amechaguliwa? Wapo waliosema ndiyo, wapo waliosema haiwezekani.

Dawa ilikuwa Linke. Kabla ya kura walikaa na mseto wakakubaliana jinsi serikali itakavyozungumza nao mapema kuhusu miswada, bila kuuita ushirikiano, maana CDU isingelitamka neno hilo. Tarehe 12 Desemba 2024 Voigt alipata 51 duru ya kwanza. Toa 44, wanabaki si chini ya 7 waliotoka nje ya mseto. Nani hao? Siri. Linke wana 12, piga hesabu mwenyewe.

Mwana_wa_Michenzani:

Bi Zuhura ahsante, umetufungua. Sisi Zanzibar Serikali ya Umoja wa Kitaifa ipo ndani ya katiba tangu 2010: chama cha pili kikifikisha asilimia 10 kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Huko hakuna kitu kama hicho, kwamba AfD wapewe angalau wizara kwa mujibu wa kura zao?

Bi_Zuhura_Erfurt:

Hakuna kaka yangu. Huko nyumbani katiba inawawekea mahasimu wawili nafasi ya kuketi pamoja. Huku katiba haina nafasi hiyo, inasema tu leteni wabunge wa kutosha. Wizara zinagawiwa ndani ya mkataba: Voigt waziri mkuu, Katja Wolf akachukua fedha, Georg Maier wa SPD akabaki na mambo ya ndani.

Cha kimila walichokuwa nacho AfD ni kupendekeza spika, kwa kuwa ndio kundi kubwa. Hilo lilizua vurugu kikao cha kwanza, Septemba 26. Kikao hufunguliwa na mbunge mwenye umri mkubwa kuliko wote, naye alikuwa wa AfD, Jürgen Treutler. Wabunge wa vyama vingine wakataka kubadili kanuni kabla ya kumchagua spika ili kila kundi liweze kupendekeza, yeye akakataa hata kuwapigisha kura. Saa kadhaa hazikutosha, wakakatisha wakaenda Mahakama ya Katiba ya jimbo, Weimar. Mahakama ikamwamuru awapigishe kura, na Septemba 28 akachaguliwa Thadäus König wa CDU. Mimi nilikuwa zamu, televisheni ya ukumbi wa chakula ilikuwa imewashwa siku hiyo ya kwanza, na hakuna mzee aliyekwenda kulala mchana.

Mtu_wa_Umoja:

Sawa mama, nimekuelewa kuhusu bunge. Bado naona ni kama theluthi nzima ya watu wamefungiwa nje. Hilo litawarudia.

Bi_Zuhura_Erfurt:

Hofu hiyo hata hapa ipo, na siwezi kukuambia haina msingi. Huu ukuta wa kutoshirikiana na AfD wanauita Brandmauer (ukuta wa kuzuia moto), na kila uchaguzi unawalazimisha walio upande huu kuungana hata kama hawapatani kwa lolote. Mpiga kura akichoka nao wote kwa pamoja, anakwenda wapi? Kwa yule aliyebaki nje. Mimi hiyo ndiyo kasoro ninayoiona.

Ila kufungiwa nje kabisa, hapana. Wana 32 kati ya 88, hiyo ni zaidi ya theluthi. Kubadilisha katiba ya jimbo kunahitaji theluthi mbili, 59, na wengine wote wakiungana ni 56. Kuchagua wajumbe wa kamati ya kuteua majaji, vilevile theluthi mbili. Pasipo AfD hayo hayapiti, nao wanajua.

Kijana_Dom:

Nashukuru sana mama, nimeshaandika kurasa mbili. Swali la mwisho: Saxony na Brandenburg nako walipiga kura mwezi huo huo, ilikuwa hivyo hivyo?

Bi_Zuhura_Erfurt:

Brandenburg, Septemba 22, SPD ya Dietmar Woidke iliizidi AfD kidogo, 30.9% kwa 29.2%, ikaungana na BSW: viti 46 kati ya 88, wingi mwembamba. Na bado duru ya kwanza Woidke alikwama, akapita ya pili. Saxony walipiga siku moja na sisi. Kule CDU iliongoza kwa 31.9%, AfD 30.6%. Mazungumzo na BSW yakavunjika, Michael Kretschmer akaunda serikali na SPD ikiwa na 51 tu kati ya 120. Ile ni serikali ya wachache kwelikweli, kila mswada unatafutiwa wenzi upya. Kule Saxony usiku wa kura kompyuta zilionyesha AfD ina viti 41, ambavyo vingewapa theluthi ya kuzuia, asubuhi yake ikasahihishwa ikawa 40, kwa sababu programu ilikuwa inagawa viti kwa kanuni ya zamani. Hilo nalo wapinzani wako wakilileta, jibu liko kwenye sheria mpya ya jimbo, kanuni ilishabadilishwa kabla ya uchaguzi.

Ukimaliza mdahalo njoo utuambie walikuuliza nini. Zamu yangu kesho inaanza alfajiri, mengine nitayajibu jioni.