Kigae cha Gede na nuksi nyumbani: nirudishe au nitupe?

Mama Karai, Malindi

Jamani, naomba ushauri kabla mama mkwe hajanihamisha nyumba. Mtoto wa dada yangu alikwenda Gede, kwenye yale magofu ya mji wa kale, na wenzake wa shule, akarudi na kigae mfukoni. Kidogo tu, hakizidi kidole gumba: cheupe, kina maua ya buluu, ukingo mmoja mkali hata uzi unakata. Akanipa zawadi, nami nikakiweka juu ya friji, karibu na redio.

Tangu hapo friji imekufa. Nauza viazi karai na maji ya baridi karibu na steji ya matatu, kwa hiyo friji ikifa nusu ya biashara imekwenda. Kisha bundi akaanza kulia kwenye mwembe wa jirani. Kisha mume wangu akateleza na pikipiki penye mchanga, alhamdulillahi hakuumia. Mama mkwe akayafunga yote fundo moja. Anasema Gede ina wenyewe, na mwenye kuchukua chao ataona. Anataka nitafute mtu wa kutuzingua, aje na ubani na kuku mweusi. Bei ya kuku mnaijua.

Mimi si wa kuamini kila jambo. Nimekatazwa tangu utotoni kufagia usiku eti nafukuza riziki, na mimi nafunga biashara saa nne za usiku. Nisipofagia yale maganda ya viazi, panya watanifagilia. Kiganja cha kulia kimeniwasha mara ngapi na pesa sijaziona! Lakini Gede inanitia wasiwasi. Nilipokwenda nikiwa msichana, tulipofika kwenye lile jumba la mfalme tuliambiwa kulizikwa chungu chenye fingo, yaani dawa ya kinga, na kwamba jini wake humrusha akili mwizi. Na watu wa mji mzima ule walikwenda wapi? Mwenye kujua aniambie. Na kigae nikifanyeje?

Kijana wa Watamu

Mama, bundi anafuata panya, panya wanafuata maganda yako. Kesi imekwisha 😂 Na hiyo friji ni ya mwaka gani?

Mama Karai, Malindi

Friji yangu usiitie mdomoni, nililetewa na harusi.

Mzee wa Magofuni

Mama Karai, mimi nimetembeza wageni mle Gede mpaka magoti yakagoma, kwa hiyo huyo wa Watamu mwache acheke.

Fingo ni kweli. Sisemi nimemwona jini. Nasema chungu cha kinga kilikuwepo na kilifukuliwa, katika ule uchimbaji wa mwanaakiolojia James Kirkman ulioanza 1948 ukaenda mpaka 1958. Na wazee wetu wa Kigiriama wanasema tangu zamani kwamba mji ule una walinzi wake. Mimi nikiingia peke yangu asubuhi mapema, hupiga hodi. Hodi hailipiwi. Kima wakitikisa matawi juu ya msikiti mgeni akashtuka, sina haraka ya kumwambia ni kima.

Ila hili la watu kutoweka usiku mmoja, wali ungali jikoni, ni porojo za kuchangamsha watalii. Mji ule una kuta mbili. Wa nje ni mpana, umezunguka mpaka mashamba na vibanda. Wa ndani ni mdogo, na umejengwa baadaye. Hakuna anayejijengea ukuta mdogo ndani ya mkubwa kama watu hawajapungua. Kisha kuna kisima karibu na msikiti mkuu kilichoongezwa kina, kwa kuwa maji yalikuwa yanashuka. Hapo hujaweka Wazimba, wale wavamizi waliopita pwani hii 1589, wala Wareno waliomhamishia mtawala wa Malindi Mombasa 1593, wala Waoromo waliokuwa wakishuka kutoka kaskazini. Karne ya 17 ndiyo mji ukabaki mtupu. Wataalamu wanabishana lipi lilizidi. Mimi ukiniuliza nitasema maji, kwa sababu vita vikipita watu hurudi kujenga.

Kinachonikosesha usingizi ni kingine kabisa. Vasco da Gama alitia nanga Malindi 1498, na Wareno wenziwe wakaja kukaa hapo miaka na miaka. Gede hiyo hapo, ukitoka alfajiri kwa miguu adhuhuri umefika. Mji wenye msikiti mkubwa, nyumba za mawe zenye vyoo na visima ndani, kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Na katika maandishi yao yote hawakuutaja kwa jina hilo. Nimesikia majibu mengi: ulifichwa na msitu, uko mbali na bahari, Malindi na Gede walikuwa hawapatani. Hakuna lililonishibisha.

Sasa kigae. Kipindue. Kama ni cha chini ya bakuli utaona duara halikupakwa rangi ya kung'aa. Buluu na nyeupe ndiyo kaure ya China ya karne ya 15 na 16. Kingekuwa na kijani kama cha embe bichi, ningesema huenda ni cha zamani zaidi. Au huenda ni kikombe cha mgeni kilichovunjika mwaka jana, hayo nayo huwa.

Kikiwa ni cha kweli usikitupe, na mganga msimpe. Pale nyumba zimepewa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: kuna Nyumba ya Mkasi, kuna Nyumba ya Taa ya Chuma. Kigae kikiwa mahali pake kinakwambia chumba kile kilikuwa kinatumika zama zipi, na wenyewe walikuwa watu wa kiasi gani. Juu ya friji hakikwambii kitu. Isitoshe, sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 hairuhusu kuokota, na tangu Julai 2024 Gede imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Nahodha wa Amu

Assalaam aleikum. Marehemu baba hakung'oa nanga Jumatano ya mwisho ya mfungo tano hata umpe dhahabu. Na mashua yangu mimi ina mato mawili mbele, duara za mbao, nyeupe na kiini cheusi, eti iuone mwamba usiku. Chombo kikipandishwa pwani kukwanguliwa, mato ndiyo ya kwanza kupakwa rangi. Mtambo wa kuonyesha njia kwa setelaiti ninao, lakini niache mato yafifie uone kama kuna baharia atakayepanda! Sibishani nao, na mimi mwenyewe siwezi kukuapia kwamba nayapaka kwa ajili yao tu.

Lakini dada yangu, la bundi Mtume (s.a.w.) alilimaliza zamani: hakuna hama wala safar. Bundi na mwezi wa mfungo tano, vyote viwili katika hadithi moja. Kuku mpike biriani, umwite mama mkwe, mle. Kigae rudisha kwa sababu si chako.

Mama Karai, Malindi

Ahsanteni. Mzee, nimekipindua, duara lipo, na lina kijimchanga kimegandia. Fundi wa friji naye kaja, kasema gesi imevuja. Mama mkwe kauliza, “Na nani kaivujisha?” Hapo nikanyamaza.

Nimeamua kitarudi. Jumamosi nakwenda na mtoto mwenyewe, akakitoe kwa mkono wake. Tabu ni mama mkwe, anataka kuja na chetezo. Watamruhusu?

Mzee wa Magofuni

Aje, ila moto asiwashe ndani, majani makavu yamejaa. Akitaka kufukiza afukize nje ya geti, hakuna wa kumkataza. Kigae msikitupe tu vichakani mkaona mmerudisha. Mkabidhini mtu wa makumbusho ofisini pale pale. Na mtoto akumbuke alikiokota wapi hasa, chumba gani, ukuta upi, maana atakachoulizwa kwanza ni hicho. Mje asubuhi, mabasi ya wanafunzi hayajaanza kuingia.

Kijana wa Watamu

Mama, mkipita hapa njia panda niachieni viazi vya mia. Bila nuksi.