Kompyuta ya kugeuza au ya kuchomoa kibodi kwa kazi za mwaloni: naomba ushauri kabla ya kununua

Mtakwimu wa Mwaloni aliandika:

Habari za wakati huu, wakuu. Ninakusanya takwimu za uvuvi katika mialo (sehemu za kushushia samaki) ya Ilemela, Mwanza na, mara nyingine, visiwani Ukerewe. Alfajiri nasimama mchangani mitumbwi ya dagaa inapoingia, naandika kwenye daftari idadi ya ndoo, uzito wa sampuli na bei ya siku. Mchana naketi ofisini Kirumba nikiingiza yale yale kwenye kompyuta ili niandae taarifa ya wiki. Kuandika kitu kimoja mara mbili kumenichosha, na ndiyo sababu nafikiria kununua mashine moja itakayokuwa kishikwambi mwaloni na kompyuta mpakato ofisini.

Bajeti yangu ni shilingi milioni moja na laki tatu, hivyo natafuta zaidi katika mtumba. Katika kuzunguka maduka ya mjini nimeona tatu zinazonivutia: Surface Pro 6 ambayo kibodi yake inachomoka, HP EliteBook x360 1030 ambayo kioo chake kinageuka hadi nyuma ya kibodi, na Lenovo 300e ndogo ya inchi 11, yenye RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Wauzaji wanazisifu zote kwa maneno yale yale, kwa hiyo sikupata msaada. Naomba mwenye uzoefu anieleze ipi inavumilia kushikwa mkononi kwa saa mbili, na ipi inasomeka juani.

Mwalimu wa Nyegezi alijibu:

Ndugu, nimetumia aina zote mbili katika kufundisha, na kwa maoni yangu swali la kwanza ni kiwiliwili cha mashine kinaegemea wapi wakati wa kazi. Surface Pro 6 bila kibodi ina uzito wa takriban gramu 775, hivyo mkono mmoja unaibeba na mwingine unaandika kwa kalamu. HP inageuka vizuri, lakini ukishaikunja unabeba kila kitu, kibodi ikiwa chini ya vidole vyako, na uzito wake wote ni kama kilo moja na robo. Jaribu kushika pakiti ya unga ya kilo moja kwa kiganja kimoja kwa robo saa, kisha uongeze kidogo, utaelewa ninachosema.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba Surface husimama kwa mguu wake wa nyuma, na mguu huo unahitaji meza. Ukiwa kwenye kivuko cha kwenda Nansio, Ukerewe, umeketi kwenye benchi na huna pa kuiweka zaidi ya mapajani, inayumba na kibodi yake laini inakunjika katikati. HP itakaa mapajani kama kompyuta nyingine yoyote. Kwa hiyo hesabu saa zako kwa uaminifu: kama unasimama zaidi kuliko unavyoketi, chukua inayochomoka, kama unaandika taarifa ndefu ukiwa safarini, chukua inayogeuka.

Kuhusu jua, usiridhike na mwanga wa dukani. Omba utoke nayo nje saa sita mchana, uongeze mwangaza hadi mwisho na ufungue jedwali lenye maandishi madogo. Vioo vya namna hii kwa kawaida hung'aa na huakisi uso wako kabla ya kuonyesha namba. Baadhi ya hizo HP zina kioo cha faragha chenye mwangaza mkubwa kuliko kawaida, kinachosaidia juani, ila ukiiwasha faragha hiyo mwenzako aliyesimama pembeni haoni kitu.

Fundi wa Mlango Mmoja alijibu:

Naongezea yale ambayo muuzaji hatakuambia. Umeandika EliteBook x360 1030 bila kutaja toleo, nalo ndilo jambo kubwa. G2 ina prosesa ya Intel ya kizazi cha 7, na G3 ya mwaka 2018 ina ya kizazi cha 8. Kwa macho ya mpita njia zinafanana, lakini Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali rasmi prosesa ya kizazi cha 7. Mtu anayekuuzia G2 leo akisema "itakubali tu" anamaanisha amepita njia ya panya, na masasisho yake hayana uhakika. Surface Pro 6 imo ndani ya mstari. Surface Pro ya mwaka 2017 na Pro 4 zimebaki nje.

Kwa matengenezo, HP inafunguliwa kwa skrubu za chini, betri inabadilishwa na SSD, yaani hifadhi yake, inabadilishwa. Surface Pro 6 imefungwa kwa gundi, na kuifikia betri lazima kioo kipashwe moto na kung'olewa. Hapo fundi akikosea kidogo, kioo kinapasuka na gharama inazidi thamani ya mashine. RAM imechomelewa kwenye bodi katika zote mbili, kwa hiyo usikubali pungufu ya GB 8 kwa ahadi ya kuongezewa baadaye. Hiyo Lenovo ni imara, ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi na kingo zake zinavumilia kugongwa, lakini sehemu kubwa ya GB 64 za eMMC, yaani hifadhi yake, inachukuliwa na Windows yenyewe, kisha kila sasisho linakuomba ufute kitu. Mimi ningeiacha.

Sasa ukaguzi. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue taarifa itakayotengenezwa na ulinganishe uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Fungua programu ya kuchora, chora kwa kidole mistari ya mshazari polepole kutoka kona hadi kona; mahali mstari unapokatika, kioo hakihisi mguso. Ilaze mezani uitazame kwa ubavu, kwa sababu kioo kilichoinuka upande mmoja ni dalili ya betri iliyovimba. La mwisho, nalo watu wengi hulidharau: mwambie muuzaji airudishe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti. Nyingi zilikuwa mali ya makampuni ya nje, na nyingine bado zimeandikishwa huko. Ikiwaka na kukuomba akaunti ya kampuni usiyoijua, irudishe mezani na uage kwa heshima.

Dada wa Nansio alijibu:

Naheshimu majibu ya wenzangu, lakini hakuna aliyemuuliza ndugu yetu anatumia programu gani kujazia fomu. Kama mradi wako unatumia KoboCollect, programu hiyo ni ya Android peke yake. Haiingii katika Windows. Kwenye Windows utatumia fomu ya wavuti, ambayo hufanya kazi hata bila mtandao, mradi uwe umeifungua mara moja ukiwa na mtandao, na majibu hubaki ndani ya kivinjari hadi uyatume. Mtu akifuta data za kivinjari kabla hujatuma, kazi ya asubuhi nzima imekwenda na maji.

Halafu kuna GPS. Fomu nyingi za mialo huomba mahali ulipo, na kompyuta hizi za Wi-Fi pekee kwa kawaida hazina kipokezi hicho. Zitakadiria kwa kutumia Wi-Fi ya jirani, na katika kisiwa kisicho na Wi-Fi utapata sehemu tupu. Kishikwambi cha kawaida cha Android, mfano wa vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022, kinapata GPS chenyewe na kinachajiwa kwa pawabenki ya simu.

Ushauri wangu ni kugawa bajeti: nunua kishikwambi cha Android cha bei nafuu chenye kava la kuzuia maji, na kwa fedha inayobaki ununue kompyuta mpakato ya mtumba isiyogeuka wala kuchomoka. Mkono uliotoka kupima dagaa una magamba na maji, na matone kwenye kioo cha kugusa hubofya vitu ambavyo hujavigusa. Sioni kwa nini mashine yenye taarifa zako zote ndiyo ikaingie kwenye hatari hiyo.

Fundi wa Mlango Mmoja alijibu:

Dada, hoja yako ina uzito, ingawa atabeba chaja mbili. Nikubaliane nawe katika umeme: Surface Pro 6 haina tundu la USB-C, inategemea chaja yake ya sumaku, nayo ikipotea kisiwani huazimi kwa mtu. HP G3 inachaji kwa USB-C, lakini inahitaji pawabenki ya kompyuta. Zile za simu zinashindwa kuisukuma.

Mtakwimu wa Mwaloni aliandika:

Nawashukuru nyote. Ni kweli tunatumia Kobo, na sehemu ya mahali ni ya lazima katika fomu yetu. Sikuwa nimeiunganisha na ununuzi huu. Jambo hilo limeiondoa Surface, kwa kuwa ubora wake ulikuwa katika kazi ya kusimama mwaloni. Jumamosi nitaitazama upya ile HP kuona kama ni G3, nikiwa na nia ya kuitumia ofisini na kwenye kivuko, na kwa mwaloni nitaomba mradi unipe kishikwambi kimoja kati ya vilivyomo stoo. Wakikataa, nitafuata ushauri wa Dada wa kugawa bajeti. Swali moja limebaki: HP hiyo inauzwa bila kalamu. Je, niitafute?

Mwalimu wa Nyegezi alijibu:

Kama fomu utajazia kwenye kishikwambi, kalamu haina haraka. Ukiihitaji baadaye kwa kusahihisha taarifa, hakikisha ni ile inayokubaliana na toleo lako, kwa sababu kalamu za kioo kimoja mara nyingi hazifanyi kazi kwenye kingine, na uulize inatumia nini. Nyingine zinatumia betri ya AAAA, nyembamba kuliko ile ya rimoti, na dukani mara nyingi utapewa ya rimoti.