Walpole, Townshend au Coke: nani alijipanga vizuri na ardhi na familia?

MlaKunde
Wakuu habari za jioni. Kuna ubishi umetukalia wiki nzima mimi na shemeji yangu nimeona bora niulete huku. Tuliosoma historia sekondari tunakumbuka mapinduzi ya kilimo ya Uingereza, tukakaririshwa Townshend na tanipu zake (mmea wa mizizi, chakula cha watu na mifugo) basi ikaishia hapo. Ukubwani ndo nagundua kumbe jimbo moja tu la Norfolk lilitoa wanasiasa watatu wenye mashamba, majumba yao hayako mbalimbali: Robert Walpole wa Houghton, Charles Townshend wa Raynham na Thomas Coke wa Holkham. Wote wa chama cha Whig. Sasa weka vyeo pembeni, angalia maisha, ardhi na watoto, nani alicheza vizuri? Mi nampa Walpole, jamaa alishika hazina 1721 mpaka 1742 na ndo anahesabiwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza.

Kipara_wa_Njombe
Walpole hapana mkuu. Kajenga Houghton ya kutisha, kijiji kilichokuwa hapo akakihamishia nje ya geti, ndani akajaza picha za kuchorwa za bei mbaya, anafariki 1745 anaacha madeni. Mjukuu wake George akaja kuziuza picha zaidi ya 200 kwa Catherine malkia wa Urusi mwaka 1779, pauni 40,000 na ushee. Babu ananunua mjukuu anauza, hiyo hadithi hata huku tunayo.

BintiSaida
Na mbona hamsemi ya chumbani 😂 Mke wake Catherine Shorter, binti wa mfanyabiashara wa mbao, walioana 1700 ila baadae kila mtu akawa na njia yake. Mzee akawa na nyumba ndogo, Maria Skerrett, akazaa nae binti kabisa. Mke mkubwa kafariki 1737, mwaka unaofuata akamuoa Maria, na Maria hakumaliza hata huo mwaka, mimba iliharibika akafa. Nilivyosoma hapo nilimuonea huruma ata kama simpendi.

MlaKunde
Sawa ila picha nyingi zilirudi Houghton 2013 kwa maonyesho, zikatundikwa palepale zilipokuwa zamani

BintiSaida
Ziliazimwa kaka. Kuazima sio kurudi. Na nyumba yenyewe ilishaenda kwa akina Cholmondeley, uzao wa binti yake Mary, maana Horace mtoto wa mwisho hakuoa wala hakuacha mtoto.

mwalimu_mstaafu
Vijana wangu, Townshend mnamruka na yeye ndiye mwenye mkasa. Alibaki yatima mdogo, mmoja wa waliomlea ni baba yake Walpole, akaja kumuoa Dorothy dada yake Walpole mwaka 1713. Kwa hiyo serikali ilikuwa mikononi mwa mashemeji. Mwanzoni Townshend ndiye mkubwa, Walpole alipompita mambo yakaharibika, 1730 akajiuzulu akarudi Raynham kulima. Ila nikiri kosa, nimefundisha miaka mingi kwamba yeye ndiye aliyeleta tanipu Norfolk. Siyo kweli, zilikuwa zinalimwa huko kabla yake, yeye alizivalia njuga tu. Mzunguko wenyewe wa mazao ni ngano, tanipu, shayiri, klova (majani ya malisho), shamba halilali bure, mifugo inapata chakula wakati wa baridi na mbolea inarudi shambani.

Otis_Eldo
Shikamoo mwalimu. Mimi kura yangu ni Townshend bana, mtu kushindwa siasa alafu anarudi shamba bila kusumbua watu, wa hivyo tunao wangapi?? Lakini familia yake ni vituko tupu. Dorothy alikufa 1726, na 1936 wapiga picha wakasema wamenasa mzuka wake unashuka ngazi hapo Raynham. Na mjukuu wa mzee, Charles kama babu, ndiye alitoza Wamarekani ushuru wa majani chai 1767. Gusa kitu kingine si chai

Kipara_wa_Njombe
Mi niko na Coke na sababu yangu ni ya shamba. Wapangaji wake aliwapa mikataba ya mpaka miaka 21. Nyie mnaokaa mjini hamuelewi hii, mimi hapa nakodi kwa mwaka mwaka, nani atapanda parachichi kwenye ardhi ambayo mwenye nayo anaweza kuamka vibaya akakutoa? Wapangaji baada ya kifo chake walichanga wakamjengea mnara pale Holkham, pembeni kuna ng'ombe, kondoo, jembe la kukokotwa na mashine ya kupandia, juu mganda wa ngano, sanamu yake wala haiko kileleni.

mwalimu_mstaafu
Apunguziwe kidogo naye, sifa zimekuzwa, ardhi ya Holkham ilianza kutengenezwa kabla yake. Hata jina ni la urithi, baba yake alizaliwa Roberts akabadili kuwa Coke ili amrithi mjomba, maana mtoto pekee wa mjomba alitangulia kufa.

BintiSaida
Haya sasa Coke. Mke wa kwanza Jane kamzalia mabinti watatu, kafariki 1800. Mzee kakaa mjane miaka 20 na kitu, 1822 akiwa na 67 anaoa Lady Anne Keppel, hata 20 hajafika, binti wa rafiki yake. Na huyo rafiki, yani baba mkwe, mwaka huohuo kaoa mtoto wa dada yake Coke!! Chorea hiyo familia mti uone. Disemba hiyohiyo mtoto wa kiume kapatikana, wakafuata wengine, mmojawapo Edward ndo yule inasemekana alienda London 1849 kuagiza kofia ngumu ya mviringo kwa ajili ya walinzi wa wanyama wa kuwindwa kwenye ardhi ya familia. Uerli, cheo cha ukabaila, Coke akaupata 1837 ana miaka 83, alishaukataa huko nyuma.

MlaKunde
Shemeji kasoma yote kakaa kimya. Basi nahamia kwa Coke, mikataba mirefu na subira.

BintiSaida
Mikataba chukua. Hiyo subira ya kuoa binti wa rafiki yako hatukupi.