Ukiuliza pesa za umma alizochukua afisa unaambiwa "ni mambo yake binafsi". Tangu lini?

Wanabodi, huu mchezo umezidi hapa Kenya. Raia anaomba nakala ya hati ya masurufu ya safari aliyochukua mkurugenzi (yaani pesa za umma anazopewa afisa kabla ya safari ya kazi, kisha azitolee hesabu), anajibiwa ni faragha ya mtu. Anaomba barua ya uteuzi wa mhandisi anayesimamia barabara ya wadi yake, anatajiwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Karani anayemtajia hajaisoma, na mkubwa aliyemtuma anajua vizuri hajaisoma.

Someni wenyewe kifungu cha 6(1)(d) cha Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kinachokatazwa ni kuingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki. Hakuna mahali kinaposema karatasi ikiwa na jina la mtu basi ifungiwe kabatini. Karatasi gani ya serikali haina jina la mtu? Na hiyo Sheria ya Data wanayoipeperusha, kifungu cha 30 kinaruhusu taarifa za mtu zitumiwe pale ofisi inapotimiza wajibu iliowekewa na sheria. Kujibu ombi la raia ni wajibu wa kisheria, na msingi wake ni Ibara ya 35 ya Katiba.

Halafu lile swali la kaunta: "Unaitakia nini?" Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kupata Habari kinasema sababu zako, au zile ofisi inazodhani unazo, haziathiri haki yako. Ukitaka jibu kwa upole, sema "ni haki yangu kama raia" na unyamaze. Wengine wanarudishiwa barua eti imeandikwa Kiswahili. Kifungu cha 8 kinataja Kiingereza au Kiswahili, kwa maandishi kabisa. Fomu ya ofisi nayo haiwezi kuwa kisingizio, maana ombi halikataliwi kwa sababu tu hukutumia fomu yao. Na kuwasilisha ombi ni bure. Unacholipa ni gharama halisi ya kutoa nakala, basi.

Sasa nasi tuambiane ukweli, maana barua nyingi zinazokataliwa huwa zimejichimbia kaburi. "Naomba habari zote kuhusu Bwana Fulani" ni zawadi kwa mtu anayetafuta njia ya kukunyima. Usiombe mtu, omba karatasi ya kazi. Kwa safari, andika: nakala ya hati ya masurufu ya safari ya tarehe kadhaa kwenda mahali kadhaa, kiasi kilichotolewa, barua ya idhini ya safari, na marejesho yaliyowasilishwa baada ya kurudi. Hayo marejesho yana muda wake: kanuni za fedha za umma za 2015 zinampa mwenye masurufu ya muda siku saba za kazi tangu arudi kituoni. Kwa hiyo ukiambiwa "bado hajarejesha" na safari ilikuwa ya mwaka jana, umeshapata jibu, liombe kwa maandishi.

Kwa ajira, omba tangazo la nafasi, sifa zilizotakiwa, daraja la mshahara wa cheo, orodha ya alama za usaili majina ya walioshindwa yakiwa yamefichwa, na barua ya uteuzi. Kwenye barua hiyohiyo ongeza sentensi moja: "Nambari ya kitambulisho, akaunti ya benki, makazi, simu na taarifa za afya zifunikwe kwa wino kabla ya kunakiliwa." Umeshawang'oa jino. Kisha taja kifungu cha 6(5), kinachotaka matumizi ya fedha za umma yasimamiwe ipasavyo maslahi ya umma yanapopimwa. Nakiri kuna kasoro hapo: 6(4) imeiachia mahakama kuamua kama maslahi ya umma yanazidi madhara, na maofisa wanajificha nyuma ya hilo. Taja tu, ili iwe kwenye rekodi.

Ukiomba kwa niaba ya mtu mwingine, faragha yake haikuzuii, mradi una idhini yake. Aliye hai akuandikie idhini yenye sahihi, inayotaja rekodi gani na ofisi gani, pamoja na nakala za vitambulisho vyenu wote wawili. Idhini ya jumla jumla hurudishwa. Kwa marehemu, cheti cha kifo peke yake hakitoshi, wala barua ya chifu haitoshi. Inayotambulika ni hati ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hata ile ya muda mfupi ya kukusanya na kulinda mali. Wajane wanazungushwa miezi wakifuata pensheni kwa sababu hakuna aliyewaambia hili siku ya kwanza.

Kupeleka barua: mwandikie mkuu wa taasisi kwa cheo chake, kwa kuwa kifungu cha 7 kimemfanya yeye ndiye afisa wa habari mpaka amkabidhi mwingine. Chukua nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wenye tarehe. Usimwachie askari wa getini. Ambatisha nakala ya kitambulisho, haki hii ni ya raia. Tuma na barua pepe siku hiyohiyo. Ikiwa rekodi iko kwa ofisi nyingine, wana siku 5 za kuhamisha ombi lako. Kukutuma ukazunguke mwenyewe si kuhamisha.

Wana siku 21 za kujibu. Wanaweza kujiongezea mara moja tu, siku zisizozidi 14, na lazima wakupe sababu. Kimya maana yake wamekataa. Na hapa ndipo watu wanapoumizwa: wanaandika kikumbusho, kisha kikumbusho cha kikumbusho, wakati una siku 30 tu za kwenda CAJ, Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman, inayopitia upya maombi yaliyokataliwa. Tume inaweza kuongeza muda, lakini usiutegemee. Hesabu tangu siku ya 21 ilipokwisha. Ukiruka tume ukaenda Mahakama Kuu moja kwa moja, mara nyingi utarudishwa ulikotoka. Anayeshindwa kwenye tume ndiye ana siku 21 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

NYONGEZA, kwa mnaouliza hapo chini:

Mnataka kujua mwenye kiwanja au wakurugenzi wa kampuni iliyopewa zabuni? Msipoteze siku 21. Kwa ardhi fanya utafutaji rasmi kwenye rejista, kwa kampuni chukua CR12, hati rasmi inayotaja wakurugenzi na wanahisa, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Hizo unalipia ada na kupata.

Ndugu aliyekamatwa na kituo kinakataa kusema yuko wapi? Hili halingoji siku 21. Kifungu cha 9(2) kinasema habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu itolewe ndani ya saa 48. "Mtu", si lazima awe mwombaji. Andika juu kabisa ya barua: OMBI LA DHARURA, KIFUNGU CHA 9(2). Uliza mambo manne: nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), saa ya kukamatwa, kituo alichopelekwa, na afisa aliyempokea. Andika saa ya kupokelewa pembeni mwa muhuri. Na msikae kungoja hizo 48, kwa sababu Katiba inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Wakili aanze ombi la kutaka aletwe mbele ya jaji sambamba, na nakala ya barua yenu iliyogongwa muhuri iwe kiambatisho.